Magwanda ya Masika

Machi 2
Mvua ya kwanza. Paa la chumba cha mbele linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza ya kukatia. Baba watoto aliapa kwamba masika ya mwaka huu yatalikuta limezibwa. Masika yamefika, na yeye yuko vitani. Nimeweka sufuria, na mama mkwe amenikumbusha kuwa ile ni sufuria ya jikoni.

Nimeanza kuandika kwa sababu ya mama mkwe huyohuyo. Ametoa amri mbili: hakuna kulia mbele ya watoto, na hakuna kulia mbele ya wateja. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Kimoja kina watoto, kingine kina wateja. Basi nimenunua daftari.

Machi 3
Zipu mbili. Mvua.

Machi 5
Amekuja mtu na kitambaa cha suti, nikamwambia hapa hatushoni suti kwa sasa. Niliona aibu. Kwetu baba watoto ndiye hukata, mimi hushona. Tumeishi hivyo tangu siku ya kwanza, na hata uchumba ulianzia hapo. Alipoona mshono wangu alisema, "Wewe shona, mimi nitakata, tusije tukagombana." Ni mshoto, hutumia mkono wa kushoto, na mkasi wake ni wa washoto, marehemu baba yake aliuagiza mbali. Nikiushika mimi unatafuna kitambaa. Leo niliujaribu kwenye shuka kuukuu. Mama mkwe alisimama akatazama, kisha akauliza, "Shuka limekukosea nini?"

Sikucheka. Mama yule ana moyo mgumu. Mwanawe yuko mbele kabisa, kwenye daraja la mto, na yeye kila Ijumaa anapiga pasi shati lake la kutokea kana kwamba Jumamosi kuna harusi. Makaa yenyewe ya shida.

Machi 9
Tumepata kazi. Lori la jeshi limesimama mlangoni, akashuka koplo anayeongea kabla mlango haujafunguka vizuri. Magwanda ya askari yanakusanywa makambini na kufuliwa, na yaliyochanika yanagawiwa mafundi wa mtaa huu. Kila wiki ataleta furushi moja na kuondoka na lililokwisha kushonwa, yarudi mbele. Gwanda halina mwenyewe. Likipona, anapewa yeyote linayemtosha.

"Shemeji," ameniita, ingawa hamjui mume wangu, "mimi mtu nikimwona mara moja simsahau. Nikikutana na mzee nitakwambia." Akaendelea hapo: barabara, matope, mke wake, jino lake linalouma, mke wake tena. Mtaa mzima umekwisha kumbatiza Redio. Debe tupu haliachi kuvuma. Nilikuwa nangoja aondoke nipate kuisikia mvua.

Machi 12
Kitinda mimba wetu alijificha ndani ya furushi la magwanda akapitiwa na usingizi. Tulimtafuta mpaka kwa jirani. Bibi yake alipomwona akitoka humo akipikicha macho alimwambia, "Mke mwenzangu, umeandikishwa jeshi lini?"

Machi 16
Viraka tu. Naanza kuyazoea magwanda. Nayapenda yaliyochanika magotini, kwa sababu aliyetambaa alikuwa hai. Ya viwikoni pia si mabaya. Yaliyochanika kifuani siyapendi, na nimegundua kwamba hayanifikii kabisa. Mama mkwe huamka kabla yangu, hufungua furushi na kuyatoa hayo, huyashona mwenyewe uani, na macho yake yale yasiyoona tundu la sindano. Anadhani sijui. Nami namwacha adhani hivyo.

Machi 21
Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara amevuka kuja kwetu bila kiatu mkononi, nikajua hakuna heri. Amesema daraja limevunjwa na kikosi kilichokuwa kikililinda kimekwisha chote. Nikamwambia hayo ni maneno ya mtaani. "Lisemwalo lipo," akasema, "kama halipo laja." Nilitamani kumshona mdomo kwa uzi wake mwenyewe.

Nilikwenda ofisi ya jeshi. Foleni ya wanawake ilitoka nje ya lango, kila mmoja na mwavuli wake. Karani si mtu mbaya, alinipa kiti. "Kikosi chao hakijapatikana kwenye mawasiliano," alisema. "Hatusemi amefariki, mama. Wala hatusemi yu mzima." Barua zote kutoka mbele zimezuiwa, adui asije akajua nani yuko wapi. Nilimuuliza mpaka lini. Alisema mpaka watakapoambiwa.

Nilirudi nikamweleza mama mkwe jikoni, kwa sauti ya chini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akatia makaa kwenye pasi, akalitandaza lile shati. Haikuwa hata Ijumaa. Nilimchukia pale, na kwa kuwa hili ni daftari langu naandika hivyohivyo.

Machi 22
Mvua.

Machi 23
Mvua. Kila anayeingia ananiambia mvumilivu hula mbivu. Masika haya mbivu zenyewe zinaoza.

Machi 30
Redio ameleta furushi. Nimemuuliza habari za daraja. Alifungua mdomo, akaufunga, akainama kufunga kamba za buti zilizokuwa zimefungwa tayari. Kimya chake kilinitisha kuliko maneno ya fundi viatu.

Usiku huu binti yetu mkubwa ameniuliza, "Mama, baba akirudi akikuta meno yangu ya mbele yameng'oka, atanijua?" Nimemwambia baba anajua watu kwa mabega. Akalala ameyanyoosha mabega yake.

Aprili 4
Suruali. Vifungo. Sufuria ya meza ya kukatia imejaa mara mbili.

Aprili 8


Leo asubuhi nimetoa kwenye furushi gwanda lililochanika begani. Nikaligeuza kutafuta kama pana pengine pa kuziba, na kwenye kiwiko cha kulia nikakuta kiraka kilichokwisha kushonwa na mtu mwingine, kwa mkono. Hakikuwa na kona.

Mafundi karibu wote hukata kiraka mraba. Marehemu baba mkwe aliwafundisha wa nyumba hii kuzizungusha kona, kwa kuwa kona kali hunasa, ikinasa huinuka, na ikiinuka kiraka kimekwisha. Mtu mwingine angeweza kuliwaza hilo, nilijiambia. Nikakisogeza dirishani. Mshono wa mkono huinama kidogo. Wangu huinamia upande mmoja, na wa kila mtu wa mkono wa kulia vilevile. Huu uliinamia upande wa pili, wa mshoto.

Nilikaa sakafuni.

Kisha wasiwasi ukanirudia. Huenda kiraka ni cha zamani, alikishona kabla ya daraja, na gwanda limezunguka tu. Kwa nje kilikuwa kimepauka kwa matope na sabuni, hakuna nililoweza kulijua. Lakini kingo zilizokunjwa ndani hazionwi na jua wala hazisuguliwi na mtu. Zingekuwa na rangi yake ya asili. Basi nikafanya kosa ambalo asiye fundi asingeweza kulifanya. Nilichukua wembe nikakifumua, mshono mmoja baada ya mwingine, kiraka kizima, kama ninavyofumua kazi ya mtu yeyote.

Nilipomaliza, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Nini hicho?"

Nilimweleza. Akaweka kikombe chini, akakichukua kiraka, akapitisha kidole gumba kwenye ile mizunguko minne. Akaliangalia gwanda. Akaziangalia nyuzi sakafuni.

"Umefumua mkono wa mwanangu," akasema. "Mkono wake ulikuwa umefika mpaka nyumbani, ukaufumua."

Akalia. Alilia mbele ya watoto na mbele ya mteja aliyekuja kuchukua sketi yake, amri zote mbili kwa mpigo. Yule mteja aliweka mwavuli chini akalia naye. Ana kaka yake huko. Mimi sikulia, nilikuwa na hatia. Mama mkwe alipiga magoti akaziokota nyuzi zote, vipande vifupi kama kope, akazitia kwenye kopo la vifungo na kulifunika.

Alipotulia nilimwonyesha ukingo wa ndani. Magwanda yote tuliyowahi kushona hapa ni ya kijani. Ukingo huu ulikuwa na rangi ya vumbi. Hatujui maana yake, sote wawili. Tumekubaliana tusimwambie mtu, hasa fundi viatu.

Aprili 9
Mama mkwe ameniomba msamaha kwa maneno yake ya jana, nami nikamwomba kwa wembe wangu. Tulikuwa tunamenya viazi, kwa hiyo haikuwa lazima kutazamana.

"Najua unanionaje na ile pasi yangu," akasema.

"Sikuoni vibaya, mama."

"Unaniona. Una haki. Ila masika nguo inaota ukungu, mwanangu. Akija akakuta shati lake lina ukungu, atajua kuna siku tuliacha kumngoja."

Nimeishi na mama huyu miaka yote hii nikidhani namjua. Leo makaa nimekwenda kununua mimi.

Aprili 13
Redio! Hata furushi hajalishusha nilimvuta ndani. Nilimkunjulia ukingo bila kumwambia kitu. Akausogeza kwenye mwanga, akaukwaruza kwa ukucha.

"Hiki kitambaa kipya, shemeji. Magwanda haya ya rangi ya vumbi yameanza kugawiwa majuzi tu. Nayajua kwa sababu nimeyapakia mwenyewe, mgongo mpaka leo unauma."

"Yaligawiwa kabla daraja halijavunjwa?"

"Kabla wapi! Daraja lilikuwa limeshavunjwa."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yake mtu kumwomba Redio arudie.

Tukamweleza yote. Mama mkwe akajizuia kufurahi, ndivyo alivyo. "Labda alimfundisha mwenzake kushona hivyo," akasema.

"Na kuwa mshoto alimfundisha pia, mama?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu masika yaanze. Redio amesema ofisini hakuna wa kumuuliza, kila kitu ni siri. "Lakini mimi nazunguka kambi zote," akasema, "na mdomo ninao." Nikamfundisha namna ya kuuliza: fundi, mshoto, viraka visivyo na kona. Alivirudia vile vitu vitatu njiani kuelekea kwenye lori, kwa sauti, mtaa mzima ukisikia. Siri yetu ilidumu siku chache tu.

Kile kiraka nimekirudisha mahali pake kwa mkono wangu. Kwa haraka nilikuwa nikivikata mraba kama mafundi wengine, lakini tangu leo hakuna kitakachotoka hapa na kona. Kila gwanda litakwenda mbele na kiraka cha mviringo na mshono unaoinamia upande wangu. Likimfikia, atajua limepita wapi.

Aprili 20
Lori halikuja. Wanasema barabara imekatika.

Aprili 27
Halikuja. Nimemaliza magwanda yote nikaanza kuziba mapazia.

Mei 1
Mdogo ana homa. Bibi yake amekesha naye, akanifukuza nikalale.

Mei 2
Homa imeshuka. Amedai uji, kisha akadai ule wa dada yake.

Mei 4
Lori limekuja, lakini na dereva mwingine, mtu wa maneno matatu. Redio yuko wapi? "Sijui, mama." Lori lake je? "Lilikwama ng'ambo." Amekwama au ameumia? "Sijui, mama." Akashusha, akapakia, akaenda. Nilibaki mlangoni nikitamani ile kelele ya kila wiki. Nilimwita mtu yule debe tupu, na leo ndani ya debe lile kuna kila kitu nilicho nacho.

Mama mkwe amelifungua kopo la vifungo, akachungulia, akalifunga.

Mei 8
Jua la nusu siku. Tumeanika kila kitu, hata magodoro. Mtaa mzima umefanya hivyo, barabara imejaa magodoro.

Mei 11
Lori halikuja. Fundi viatu amevuka tena. Nilijiandaa kumjibu. Kumbe ameleta viatu vya mkubwa, amevitia soli mpya bila kuombwa. Akasema, "Siku ile sikupaswa kusema vile." Nimemkaribisha chai. Mwanawe pia yuko huko, sikuwa nikijua. Sote tumekuwa tukiongea ovyo kwa sababu ya hofu.

Mei 15
Tulisikia sauti kabla ya kuona lori.

"Shemeji! Mama! Watu wa nyumba hii!"

Redio amekonda, ana ndevu, na buti moja halifanani na lenzake. Lori lake lilikwama ng'ambo ya mto mafuriko yalipokata barabara. Alisimama katikati ya chumba akaanza na ule mto, maji yalifika wapi, mashua ya jeshi ilizama vipi, mpaka mama mkwe akamshika mkono. "Baba," akamwambia, "anza na mwisho."

"Yupo, mama. Mzima. Nimemwona kwa macho yangu."

Mama mkwe akakaa palepale sakafuni. Mimi nilishika cherehani. Nilikuwa nalia, na watoto walinitazama, na hakuna aliyekumbuka amri.

Akatusimulia sasa, nasi tukamwacha asimulie kwa urefu anaoutaka. Aliuliza kambi hata kambi. Wakamcheka. Wakamletea mpishi mshoto, wakamletea kinyozi mshoto. Alipokwama ng'ambo akaona afadhali, huko hakuwa ameuliza. Kambi ya mwisho kabisa akakuta turubai, chini yake cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na foleni ya askari wameshika suruali zao.

"Nikamuuliza, ‘Fundi, kiraka chako mbona hakina kona?' Hakuinua hata kichwa. ‘Kona hunasa,' akanijibu. Basi, shemeji, nikajua nimefika."

Waliookoka darajani walitiwa kwenye kikosi kingine, ndiyo maana karani hana habari zao. Sikio la kushoto la baba watoto limeharibiwa na mizinga, watu humsemesha upande wa kulia. Mengine yote mazima. Redio alipotaja mtaa huu, mume wangu alimshika koti kwa nguvu mpaka kifungo kikang'oka, kisha akakishona hapohapo huku machozi yanamtoka. Gwanda lenye kiraka changu, lililovushwa kwa mashua, lilikuwa limeshampita mikononi siku chache kabla. Aliwaambia wenzake mke wake amelishika, nao wakadhani mizinga imemharibu na kichwa.

"Barua hairuhusiwi," Redio akasema. "Nikamwambia, nguo je? Nguo nabeba kila wiki na hakuna anayeniuliza. Akafikiri. Akaniuliza watoto wana urefu gani. Mkubwa nikamwonyesha kifuani. Mdogo nikamwambia ananifika hapa, juu ya goti kidogo. Shemeji, akatoa futi akanipima mguu! Mbele ya kambi nzima!"

Akatoa kifurushi ndani ya shati lake. Kulikuwa na mkoba wa madaftari wa mkubwa, na gauni la mdogo, yote ya kitambaa cha rangi ya vumbi. Gauni lina kola ndogo na vifungo vinne vya jeshi mgongoni. Tumemvisha. Limemkaa kana kwamba alipimwa jana, mabega sawa, kiuno sawa, urefu sawasawa na mguu wa Redio. Akazunguka nalo chumba kizima, akatoka nje kuwaonyesha watu.

Redio alipoondoka nilimvua mtoto gauni nikaligeuza ndani nje, nisome mkono wa mume wangu. Ndipo nikaona. Chini hakuacha pindo. Amekunja kidogo tu, upana wa ukucha, akashona. Nguo ya mtoto huachwa pindo pana ili lifumuliwe anaporefuka. Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua. Na kitambaa hakikupungua, maana amekifunga kifurushi kwa kipande kizima cha kitambaa kilekile.

Nikakasirika. Nimemkasirikia mume wangu, hasira ya kawaida kabisa ya nyumbani, na raha yake siwezi kuieleza. "Fundi gani huyu?" nikamwambia mama mkwe. "Miezi mitatu tu hili halimtoshi! Ameshindwa nini kuacha pindo?"

Mama mkwe alilichukua, akaupapasa ule ukingo mwembamba kwa kidole gumba, mzunguko mzima, taratibu.

"Hakushindwa," akasema. "Pindo huacha mtu anayekwenda kukaa huko. Huyu gauni la pili anataka kulikata mwenyewe, hapa nyumbani."

Nikaligeuza lile gauni upande wake, nikalitundika kando ya lile shati.

Jioni mdogo amemaliza chakula chake akasogeza sahani, anataka tena. Siku zote humwambia inatosha. Leo nimempakulia mpaka juu, bibi yake akamwongezea kutoka kwenye yake, na dada yake akampa kipande alichokuwa amekificha. Kula, mama. Kula urefuke.